Kichwa cha Msiri

Kichwa cha Msiri ni simulizi ya Wayeke wa Bunkeya, katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayochanganya maajabu na historia ya kuanguka kwa ufalme wa Garenganze. Msiri, ambaye asili yake ilikuwa kwa Wasumbwa wa magharibi mwa Tanzania ya leo, aliujenga ufalme huo kwa biashara ya pembe, watumwa na shaba, ambayo mafundi wa eneo hilo waliiyeyusha na kuimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Tarehe 20 Desemba 1891, baada ya kukataa kuitambua Dola Huru ya Kongo, yaani koloni binafsi la mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alipigwa risasi na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa Leopold ulioongozwa na William Stairs, naye Bodson akajeruhiwa na kufa.

Kichwa cha Msiri kilikatwa na kutundikwa mtini. Wasimulizi husema kwamba baadaye kilibebwa ndani ya debe la mafuta ya taa, kikamuua kila aliyekichukua, na hutaja kifo cha Stairs, aliyeugua malaria na kufariki Chinde, Msumbiji, Juni 1892, kuwa ushahidi wa laana hiyo.

Simulizi hii hubeba pia mgawanyiko wa utii: Wasanga, wenyeji wa nchi, walikuwa wamekwisha kumwasi Msiri, ilhali Mukanda-Bantu, mwanawe na mrithi wake, alikubali mamlaka ya wageni, na wapiganaji wake wakawasaidia kuwashinda Wasanga.