Homoni za uzazi za samaki dume

Uzazi wa samaki dume huanzia ubongoni. Chembe za neva zilizo sehemu yake ya chini hutoa homoni chochezi, GnRH, inayoiamsha tezi ya pituitari imwage homoni mbili, FSH na LH, kwenye damu. Kwa binadamu GnRH hubebwa na vijishipa vya damu hadi kwenye tezi hiyo. Kwa samaki wengi wenye mifupa, nyuzi za neva zenyewe hupenya ndani yake. Kambare ana kizuizi pia: dopamini huibana LH isitoke.

FSH na LH zikifika kwenye korodani, seli za Sertoli hulea mbegu changa, na seli za Leydig hutengeneza 11-ketotestosteroni, homoni kuu ya kiume ya samaki, inayokomaza mbegu na kumpa dume rangi na ukali. Wafugaji wa sato wanaijua nguvu ya homoni za namna hii: vifaranga wakilishwa methyltestosteroni kwa wiki tatu au nne za mwanzo, karibu wote huwa madume, hata waliorithi ujike.

Ila homoni nazo zina bwana wao. Katika kingo za Ziwa Tanganyika yupo samaki aitwaye Astatotilapia burtoni, aliyepewa jina la mvumbuzi Richard Burton, aliyefika ziwani hapo mwaka 1858. Madume wachache hutawala. Hung'aa njano au buluu, huwa na mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni, na hulinda vipande vyao vya mchanga. Waliobaki wamepauka, ungewadhani majike. Hawakosi mbegu kabisa, lakini korodani zao ni ndogo.

Mtawala akiondolewa, mnyonge hung'aa ndani ya dakika chache na kuanza kufukuza wenzake. Maabara ya Russell Fernald, katika Chuo Kikuu cha Stanford, ilionyesha kwamba ndani ya dakika 20 hivi jeni iitwayo egr-1 huwa imeshawaka katika eneo la ubongo lenye chembe zake za GnRH. Siku zinazofuata chembe hizo hunenepa, na korodani hufuata. Yaani cheo hutangulia, homoni huja nyuma. Akishindwa na dume mkubwa zaidi, rangi humtoka mara moja, ila chembe za ubongoni husinyaa polepole, kwa wiki kadhaa.