Neno la Wiki: Sataranji si drafti

Siku hizi marafiki wawili wakiinamia ubao wenye mfalme, malkia na farasi, wapo wanaosema wanacheza "drafti", na wengine "chesi". La kwanza ni kosa. La pili ni mkopo usiohitajika. Drafti ndiyo dama: mchezo unaanza kwa kete za namna moja tu, ndiyo maana vijiweni vizibo vya soda vinatosha, na kete hula kwa kuruka. Bao nalo lina mashimo 32 na kete 64, wala halina mfalme. Mchezo wenye kete za namna sita, kila namna na mwendo wake, unaokwisha mfalme anapokosa pa kukimbilia, jina lake ni sataranji.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, nao India: chaturanga kwa Kisanskriti, yaani jeshi la sehemu nne, tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Atakayesema sataranji nayo ni ya kigeni amesema kweli, lakini imekwisha kuwa yetu na imo kamusini. Atakayesema vijana wamezoea "chesi" ya simuni akumbuke kwamba neno hilo la Kiingereza nalo limetokana na shah, mfalme wa Kiajemi, likazungukia Ufaransa. Hatupati maana mpya kwa kulikopa. Waandishi na watangazaji wa michezo, tumieni sataranji.