Kufuli la Fundi: Kutoka Jenereta za Ngara na Biharamulo hadi Rusumo

Ukizima mashine, je, imezimika kweli? Swali hili lina historia, na unaweza kuifuata Ngara na Biharamulo.

Kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, wilaya hizi zilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, zilizofungwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Uholanzi. Sasa fikiria fundi anatengeneza jenereta moja huku nyingine inalisha mji. Yake imezimwa, sawa. Lakini mwenzake akirudisha swichi bila kujua, umeme wa ile nyingine unarudi kinyumenyume mpaka mikononi mwake.

Sheria ya viwanda ya Tanganyika ya 1950 ilidai mashine hatari ziwekewe uzio. Uzio unamlinda mwendeshaji; fundi lazima auondoe ndipo afanye kazi. Mwaka 1989 Marekani ilitoa kanuni iliyoziba pengo hilo: zima, tenganisha na chanzo, funga kwa kufuli, toa nishati iliyobaki, halafu jaribu kuwasha uhakikishe. Kila fundi ana kufuli lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Huku kwetu, sheria ya 1950 ilipisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.

Leo Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, kuna mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80. Pale kukata umeme hakutoshi: maji bado yanasukuma turbaini, kwa hiyo nayo yafungiwe.

Onyo la mdomo husahaulika zamu ikibadilika. Kufuli halisahau.