Kikombe cha Sabato na Namba ya Rehani

Februari 21, 1939, serikali ya Hitler iliwaamuru Wayahudi wa Ujerumani wapeleke dhahabu, fedha, vito na lulu zao kwenye ofisi za rehani za miji. Waliachiwa pete ya ndoa, saa na vijiko na uma vichache vya kulia chakula. Walilipwa bei ya madini kwa uzito, nayo ikakatwa. Kazi ya sonara haikuhesabiwa. Uporaji wa Wanazi unapokumbukwa, magazeti hukimbilia picha za kuchorwa za mamilioni na Kanuni za Washington za 1998 kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi, zilizoridhiwa na nchi 44. Kwa maoni yangu, uaminifu wa makumbusho hupimwa vizuri zaidi kwenye kabati la vikombe.

Makumbusho ya Bayerisches Nationalmuseum ya München ilinunua mamia ya vyombo vya fedha kutoka ofisi ya rehani ya mji huo. Sehemu kubwa ya fedha iliyokusanywa nchini iliishia tanuruni. Baada ya vita baadhi ya vyombo vilirudishwa kwa wenyewe, lakini zaidi ya 100 vikabaki stoo kwa miongo mingi. Matthias Weniger, mtaalamu wa makumbusho hiyo, ndiye aliyevitafutia warithi, na ushahidi wake ni mdogo ajabu: kipande cha karatasi kilichofifia, kimebandikwa kwenye kitako cha kikombe cha Sabato au kinara cha mshumaa, kina namba. Namba hiyo inampeleka kwenye orodha ya rehani, na orodha inampa jina, mara nyingi likiwa limechomekwa “Israel” au “Sara” kwa nguvu ya sheria. Kutoka hapo anafuata familia: wengi waliuawa, wajukuu wako Israel au Marekani, na vyombo vingi amevikabidhi kwa mkono wake.

Watetezi wa makumbusho husema kwamba bila ununuzi ule vikombe vingeyeyushwa. Ni kweli, na tusiupuuze ukweli huo. Lakini aliyeokoa mali ya jirani kwenye moto humrudishia, na hapa mwenye mali alijulikana tangu siku ya kwanza. Wengine hulalamikia gharama: mshahara wa mtafiti unaweza kuzidi mara nyingi bei ya kikombe chenyewe. Serikali ya 1939 haikuona shida kumlipa karani aandike namba kwa kila chombo. Itakuwa ajabu leo kusema kwamba kusoma namba hizo ni ghali. Isitoshe, picha maarufu huacha nyayo kwenye katalogi na minada. Kikombe hakina kitu isipokuwa karatasi ile, na fundi akikisugua king’are, ushahidi unakwenda na maji ya sabuni. Huko Hamburg, makumbusho ya sanaa na ufundi bado ina fedha iliyokusanywa kwa amri ileile, ila sehemu kubwa haina wa kumrudishia, kwa kuwa hakuna kinachounganisha chombo na jina la mwenyewe.