Kitanda na Mgonjwa wa Kiharusi

Maradhi mengi humnyemelea mtu, lakini kiharusi humpiga. Ndivyo tusemavyo, kwamba fulani kapigwa na kiharusi. Wagiriki wa kale nao waliyaita maradhi haya apopleksia, yaani kupigwa na kuangushwa. Binadamu aonapo pigo asimwone mpigaji, humtafuta. Kwetu wengi walimtaja shetani au upepo mbaya.

Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alichapisha kitabu juu ya maiti alizozipasua za watu waliokufa kwa maradhi hayo. Alikuta damu imevuja ndani ya ubongo, tena akaeleza kwamba mishipa iendayo ubongoni huweza kuziba. Basi mpigaji akajulikana: ni damu iliyozuiwa njia, au iliyopasua mshipa.

Hata hivyo, kumjua mpigaji hakukumwinua aliyepigwa. Kwa karibu miaka 300 zaidi mgonjwa alilazwa tu, akasubiriwa apone au afe. Na kitanda nacho kikawa maradhi ya pili. Ngozi ilifanya vidonda palipogandamizwa, viungo vilikakamaa, damu iliganda miguuni, mapafu yaliingia homa. Watu wakadhani yote hayo ni kiharusi, kumbe mengine yalikuwa ni kulala.

Aliyeligundua jambo hili na kulifanyia kazi ni daktari wa Kiingereza, Marjory Warren. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, karibu na London, ilikabidhiwa nyumba ya wagonjwa maskini iliyokuwa jirani yake, nayo ilikuwa na watu wapatao 714. Wengi walikuwa wazee, na baadhi yao walipooza kwa kiharusi. Bi Warren aliwapima mmoja mmoja, akaamuru walioweza wainuliwe, wafundishwe kukaa, kusimama na kutembea. Kuta zikapakwa rangi ya kupendeza, taa zikaongezwa, vikawekwa vyuma vya kushikilia. Watu waliokwisha kukatiwa tamaa wakarudi makwao.

Nimeyaelewa haya vizuri zaidi kwa sababu ya shangazi yangu, aliyepooza upande wa kulia na kupotewa na maneno. Wageni walikuja kumjulia hali, wakamzungumza mbele yake kama mtu asiyekuwepo. Yeye alisikia kila neno, na machozi yakimtoka. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyetufunza. Tumgeuze kila baada ya saa 2. Tusimnyanyue kwa kuuvuta mkono uliopooza, bali tuuwekee mto. Tusimpe maji akiwa amelala, na kwanza tuhakikishe anameza, yasije yakaingia mapafuni. Tena tuzungumze naye, tumngoje ajibu kwa kichwa au kwa jicho.

Wapo watakaosema hayo ni huruma tu, si tiba. Mwaka 1991 madaktari wa Trondheim, Norwei, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa 220. Nusu walilazwa wodi maalumu ya kiharusi, ambako waliinuliwa na kufanyishwa mazoezi mapema, na nusu wodi za kawaida. Baada ya wiki 6, wa wodi maalumu waliokufa walikuwa wachache zaidi, na waliorudi kuishi nyumbani walikuwa wengi zaidi.

Mwaka 1995 huko Marekani ilithibitika kuwa ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoziba mshipa. Ni neema kubwa. Lakini ilitakiwa itolewe ndani ya saa 3, muda ambao baadaye ulisogezwa hadi saa 4 na nusu, tena baada ya ubongo kupigwa picha. Kwa hiyo uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, mgonjwa akimbizwe hospitali, asingojewe hadi kesho.

Wengi wetu tunakaa mbali na mashine hizo. Lakini mto, maji, na mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku wa manane havihitaji umeme wala fedha nyingi. Katika historia yote ya maradhi haya, mikono hiyo ndiyo iliyochelewa kuheshimiwa.