Mwashi Mkuu: Cheo na Mipaka Yake

Kiswahili kina kitenzi cha zamani, kuaka, yaani kujenga kwa mawe, na mwenye kazi hiyo ni mwashi. Neno halijafa. Vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania vinafundisha uashi mpaka leo, na kijana akihitimu anajua kutumia timazi, pimamaji na mwiko. Ajabu ni kwamba chama kilichochukua jina lake kutoka katika kazi hii hii kimeingia katika lugha yetu bila vumbi lolote la saruji. Mtu wa Kariakoo akisikia "Frimasoni" anawaza utajiri wa ghafla, pete, kafara, na lile tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, lenye namba ya simu ya "wakala" anayetaka kwanza atumiwe ada ya fomu. Jiwe halimjii akilini hata kidogo.

Mkanganyiko unazidi anapotajwa mkubwa wa chama. Kwa Kiingereza cheo chake ni Grand Master. Mwandishi wa Kiswahili ama hukiacha kilivyo, ama huandika "mkuu wa Frimasoni", ama hujaribu "Bwana Mkuu". Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kwa Mkristo anayesali kwa Kiswahili, Bwana ni Mungu. Mwambie kuna watu wanaokutana jioni, milango imefungwa, chini ya Bwana Mkuu wao, nawe umemaliza kazi ya mhubiri kabla hajapanda jukwaani. Na kwa anayeijua historia ya pwani, bwana ni yule mwenye watumwa.

Kiongozi wa loji moja moja, yaani tawi la chama, naye ana balaa lake. Kiingereza humpa sifa ambayo, ikifasiriwa kwa kufungua kamusi tu, inatoka "anayeabudiwa". Katika Kiingereza cha kale sifa hiyo ilikuwa na maana ya mheshimiwa, na mameya wa Uingereza wameitwa hivyo hivyo bila mtu kuwashuku kwa lolote. Kwetu mambo ni mengine. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na Wafrimasoni walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Mahali penye hofu kiasi hicho, kuandika "anayeabudiwa" ni kumwaga petroli.

Asili ya cheo hiki ni karakana. Katika vyama vya mafundi wa Ulaya ya zamani, mtu alianza kama mwanagenzi, akapanda kuwa fundi mwenza, kisha akawa fundi kamili mwenye haki ya kuchukua kazi na wanagenzi wake mwenyewe. Mswahili hahitaji kusimuliwa sana hapa. Pwani, mwanagenzi alimtumikia fundi wake, na akihitimu alitoa kilemba, ndipo akaruhusiwa kufanya kazi kwa jina lake. Loji za Frimasoni zilichukua ngazi hizo tatu na vifaa vya ujenzi, zikavigeuza mafumbo ya tabia: timazi ikawa unyofu, pimamaji ikawa usawa wa watu. Wengi wa wanachama hawajawahi kuchonga jiwe maishani mwao.

Basi kwa nini tusiseme Fundi Mkuu? Lina ladha, lakini lina mashaka mawili. Kila kiwanda na kila gereji ina fundi mkuu. La pili ni zito zaidi: mtu akikunong'oneza kwamba "amekwenda kwa fundi", huenda hakupeleka gari. Fundi ni mganga vilevile, na chama kinachotuhumiwa uchawi hakifai kupewa kiongozi mwenye jina hilo. Ninapendekeza Mwashi Mkuu. Ngazi ziwe mwanagenzi, mwashi mwenza na mwashi kamili. Anayeongoza loji ya kawaida awe Mkuu wa Loji, na juu yake kuwe na Loji Kuu, ambayo ndiyo yenye Mwashi Mkuu. Neno "loji" tusilihangaikie. Wageni wa Serengeti hulala kwenye loji kila usiku na hakuna aliyechanganyikiwa.

Ila cheo hakielezwi na jina peke yake. Watu wengi hudhani Mwashi Mkuu ni mmoja, anaitawala dunia kutoka mahali fulani. Hayupo wa namna hiyo. Kila Loji Kuu ina eneo lake na wa kwake. Marekani kila jimbo lina Loji Kuu yake, na nyingi hubadilisha kiongozi kila mwaka, kwa hiyo mwenye mpango wa kukiimarisha chama ana miezi 12 kabla hajamkabidhi mwenzake kiti. England nako uchaguzi ni wa kila mwaka, lakini mwanamfalme akishakaa haondoki: Edward, Duke wa Kent, alisimikwa mwaka 1967 akakaa zaidi ya miaka 50. Anapokuwepo mtu wa ukoo wa kifalme kwenye kiti, kunateuliwa msaidizi wake anayebeba kazi za kila siku.

Ukitaka kuona cheo hiki kinaweza nini na hakiwezi nini, mtazame Augustus Frederick, Duke wa Sussex, mtoto wa Mfalme George wa Tatu. (Cheo ni kile kile cha Harry wa siku hizi, mtu ni mwingine kabisa.) Mwaka 1813 alipokichukua kiti, England ilikuwa na Loji Kuu mbili zisizoamkiana. Ya kwanza, kwa masimulizi ya chama chenyewe, ilianzishwa mwaka 1717 na loji nne za London katika baa iliyoitwa Goose and Gridiron, karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo. Ya pili ilizaliwa mwaka 1751, nguvu yake ikiwa ni Waairishi na watu wa kazi za mikono. Katibu wake, Laurence Dermott, mpaka rangi kutoka Ireland, alikuwa na ulimi. Alidai wale wa 1717 wamezigeuza sherehe za asili, akawaita "Wapya", na chama chake kilichozaliwa miaka 34 baadaye akakiita cha "Wakale". Majina yakanata, na hata waliotukanwa wakayazoea.

Ugomvi huo ulikuwa na gharama. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na serikali iliogopa mikutano ya faragha. Sheria ya mwaka 1799 ilipiga marufuku vyama vya viapo vya siri. Wafrimasoni walisamehewa kwa sharti kwamba kila loji ipeleke serikalini orodha ya wanachama wake kila mwaka. Sharti hilo lilidumu hadi 1967. Chama kinachodhaniwa kuwa cha siri kuliko vyote kilipeleka majina ya watu wake kwa dola kwa zaidi ya miaka 160.

Mpango wa Sussex ulikuwa kuunganisha nyumba hizo mbili, na alibahatika: ndugu yake Edward, Duke wa Kent wa wakati ule, ambaye baadaye alimzaa Malkia Victoria, alikubali kuwaongoza Wakale kwa majuma machache tu ili mazungumzo yawe ya ndugu kwa ndugu. Tarehe 27 Desemba 1813, katika ukumbi wa Great Queen Street, London, pande zote mbili ziliungana, na Kent ndiye aliyependekeza Sussex apewe kiti cha chama kizima. Muda mfupi baadaye msanifu majengo John Soane akabuni sanduku la pembetatu la kuhifadhia hati za muungano, ambalo liliungua mwaka 1883.

Kuungana kwa hotuba ni rahisi. Kazi ilikuwa kwenye namba. Kila loji ilikuwa na namba, na namba ndogo ni heshima ya ukongwe. Sasa kulikuwa na Namba 1 mbili, Namba 2 mbili, na kuendelea. Wakapiga kura ya bahati. Wakale wakashinda, loji yao ya kwanza ikabaki Namba 1, na Loji ya Antiquity, mojawapo ya zile nne za 1717, ikasukumwa hadi Namba 2. Zilizofuata zikapokezana hivyo hivyo, moja ya huku, moja ya kule. Kikongwe cha chama kikakubali kuitwa wa pili. Natamani ningekuwepo kuona nyuso zao.

Maneno ya sherehe nayo yalikuwa tofauti. Iliundwa Loji ya Upatanisho yenye mabingwa kutoka pande zote mbili, wakaketi hadi 1816 wakipatanisha kila hatua na kila kiapo, kisha wakawaonyesha wajumbe wa loji nyingine. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika. Wajumbe walirudi makwao na walichokishika kichwani, na ndiyo maana hadi leo loji za England hutofautiana katika vijineno.

Jambo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilifanyika bila shangwe. Sussex alisoma Kiebrania, alikuwa na maktaba kubwa yenye Biblia nyingi ajabu, na aliwatetea Wayahudi na Wakatoliki bungeni. Chini yake, katiba mpya ya 1815 ilieleza kwamba dini ya mtu haimzuii kuingia mradi anamwamini Muumba wa mbingu na nchi, na dalili za Ukristo zikapunguzwa katika sherehe. Mwanachama akala kiapo juu ya kitabu kitakatifu cha dini yake. Katika loji zenye watu wa imani mbalimbali, Biblia, Kurani na Gita huweza kuwekwa pamoja.

Lakini amri ya Mwashi Mkuu haikutembea mbali. Huko Bengal, Wahindu walizuiwa na Waingereza wa loji za huko kwa zaidi ya nusu karne baada ya katiba ile. Kaskazini mwa England, loji za Liverpool zilipeleka malalamiko kuhusu uendeshaji wa chama. Sussex, aliyekuwa mpole kwa wageni na mkali kwa wapinzani, aliwasimamisha na kuwafukuza. Mwaka 1823 waliofukuzwa wakatangaza Loji Kuu yao, ambayo baadaye ilihamia Wigan. Yule aliyeunganisha mbili akawa amezaa ya tatu, na loji ya mwisho ya kundi hilo ilirudi mwaka 1913, miaka 70 baada ya Sussex kufa.

Na wapo walioachwa nje kimyakimya. Mwaka 1775 Prince Hall na wenzake 14, watu weusi huru wa Boston, waliingizwa katika Frimasoni na loji ya kikosi cha jeshi la Uingereza. Mwaka 1784 London iliwapa hati, wakawa African Lodge Namba 459. Rejesta ilipopangwa upya baada ya muungano, loji za Marekani zilifutwa, na yao ikiwemo. Walijitangazia uhuru mwaka 1827 na kuendelea peke yao. London ilikuja kuutambua ukoo wa Prince Hall mwaka 1994.

Afrika Mashariki iko chini ya mfumo huo wa London pia, na hapo istilahi inahitaji marekebisho kidogo. Kiongozi wa loji za Kiingereza huku kwetu ana cheo ambacho, kikifasiriwa neno kwa neno, kitamfanya "Mkuu wa Wilaya", na msomaji atauliza wilaya gani, Kinondoni au Temeke? "Wilaya" hiyo inazibeba Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kanda inafaa zaidi: Mwashi Mkuu wa Kanda.

Sir Andy Chande, Mhindu aliyekulia Bukene, Tabora, alishika nafasi hiyo tangu 1986 hadi 2005. Kiwanda cha kusaga nafaka cha familia yake kilitaifishwa mwaka 1967, kisha Mwalimu Nyerere akamwachia aendeshe Shirika la Taifa la Usagishaji. Uvumi ulipozidi Tanzania, hakujificha. Alizungumza na vyombo vya habari, akaeleza chama chake ni nini. Bila kile kifungu cha 1815 asingepita hata mlangoni. Hata hivyo hakuchaguliwa na loji za Nairobi wala za Dar es Salaam. Mwashi Mkuu wa Kanda huteuliwa na Mwashi Mkuu wa England, na loji mpya ikitaka kufunguliwa, iwe Arusha au Kampala, hati yake hutoka London.