Hasheem Thabeet

Hasheem Thabeet (jina la kuzaliwa Hashim Thabit Manka, amezaliwa Dar es Salaam, 16 Februari 1987) ni mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka nchini Tanzania. Hucheza nafasi ya kati, yaani senta, na urefu wake hutajwa kuwa mita 2.21. Alicheza katika timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kuanzia mwaka 2006 hadi 2009. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi hiyo hugawana wachezaji wapya. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Jina lake hutajwa mara nyingi katika mjadala wa swali moja: mchezaji wa chuo huwa tayari lini kwa mchezo wa kulipwa? Chuoni alihesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa kikapu nchini Marekani. Katika NBA alicheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Makala hii inaeleza alivyokuwa chuoni, ustadi aliokuwa nao alipochaguliwa, na mambo yaliyobadilika alipoingia kwenye ligi kubwa.

Maisha ya awali

Thabeet alikulia Dar es Salaam na kusoma Shule ya Sekondari Makongo, shule inayojulikana Tanzania kwa michezo. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa takriban miaka 15. Huo ni umri wa kuchelewa ukilinganisha na wachezaji wa Marekani, ambao wengi wao hushika mpira tangu shule ya msingi na kufika sekondari wakiwa wamecheza mamia ya mechi.

Baadaye alikwenda Marekani kuendelea na masomo. Alimaliza sekondari mwaka 2006 katika shule ya Cypress Christian, mjini Houston, jimbo la Texas. Mwaka huohuo akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kocha alikuwa Jim Calhoun. Chuo hicho kilikuwa na sifa ya kulea masenta walinzi. Miaka michache kabla yake alikuwapo Emeka Okafor, aliyekisaidia kutwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2004.

Miaka mitatu ya chuo

Wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa hivi:

Msimu wa 2006–07: pointi 6.2, ribaundi 6.4, mitupo iliyozuiwa 3.8
Msimu wa 2007–08: pointi 10.5, ribaundi 7.9, mitupo iliyozuiwa 4.5
Msimu wa 2008–09: pointi 13.6, ribaundi 10.8, mitupo iliyozuiwa 4.2

Takwimu hizi zinaonyesha mambo mawili. Kwanza, kuzuia mitupo alikuja nako. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa karibu na kiwango alichomalizia. Pili, pointi na ribaundi zilipanda kila mwaka, dalili ya kijana anayejifunza. Hakuingia drafti ya mwaka 2008 bali alirudi chuoni kwa msimu wa tatu, na msimu huo ndio uliokuwa bora kuliko yote.

Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Aliteuliwa mlinzi bora wa mwaka wa kundi la Big East mara mbili mfululizo, mwaka 2008 na 2009. Mwaka 2009 aligawana pia tuzo ya mchezaji bora wa kundi hilo na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ikafungwa na Michigan State kwa pointi 82 kwa 73. Thabeet aliondoka chuoni akiwa amezuia mitupo 417, wa pili katika historia ya chuo hicho nyuma ya Okafor mwenye 441.

Ustadi wake alipotoka chuoni

Ulinzi

Nguvu yake kubwa ilikuwa kulinda eneo la chini ya kikapu. Pete ya kikapu iko mita 3.05 kutoka sakafuni, na mtu wa mita 2.21 mwenye mikono mirefu huifikia karibu bila kuruka. Lakini urefu peke yake hautoshi kuzuia mitupo. Kanuni zinakataza kuugusa mpira ulioanza kushuka kuelekea kikapuni, kwa hiyo mzuiaji lazima aufikie ungali unapanda, bila kumgonga mtupaji. Thabeet alikuwa na kipimo kizuri cha wakati. Aliweza kumwacha mtu wake, kusogea hatua mbili na kufika mahali mpira utakapopita.

Faida ya mchezaji wa namna hii haiishii kwenye mitupo anayoizuia. Wapinzani wengi hufika karibu na kikapu, wakamwona, wakarudisha mpira nje au kuutupa kwa haraka ukapotea. Hayo hayaandikwi kwenye daftari la takwimu, ingawa kocha huyaona.

Ushambuliaji

Katika ushambuliaji alikuwa na njia chache. Alifunga zaidi ya asilimia 60 ya mitupo yake katika msimu wa mwisho, lakini mingi ilikuwa ya karibu sana: dunki, mipira iliyorudi kutoka kwenye ubao, na pasi alizopewa akiwa tayari chini ya kikapu. Hakuwa na mtupo wa kutegemewa kutoka mbali. Alipopewa mpira akiwa ameipa pete mgongo, hakuwa na miondoko mingi ya kumgeuka mlinzi. Pasi zake zilizozaa vikapu hazikufika moja kwa mchezo.

Mwili na uwiano

Uzito wake ulitajwa kuwa takriban kilo 119. Kwa mtu wa kawaida huo ni uzito mkubwa, lakini ukisambazwa kwenye mita 2.21 humfanya mtu awe mwembamba. Kitovu cha uzito wake kilikuwa juu, na miguu haikuwa na nguvu ya kutosha kushikilia nafasi anaposukumwa. Mlinzi mfupi na mnene akimwingia kiunoni, alikuwa akihamishwa kutoka mahali alipotaka kusimama.

Mchezo wa Pittsburgh

Udhaifu huo ulionekana wazi tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22. Connecticut, iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya ubora wa timu za vyuo, ilikutana na Pittsburgh mjini Hartford. Aliyemkabili alikuwa DeJuan Blair, mchezaji wa mita 2.01 tu, lakini mwenye mabega mapana na miguu imara.

Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23, na Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Katika tukio lililokumbukwa zaidi, wawili hao walishikana mikono wakigombea mpira, na Thabeet akapinduliwa juu ya bega la mwenzake hadi sakafuni. Pittsburgh ilishinda kwa pointi 76 kwa 68.

Mchezo mmoja hauwezi kumhukumu mchezaji. Hata hivyo ulionyesha kile ambacho wastani wa msimu ulikificha. Katika ligi ya vyuo, mtu mwenye nguvu kama Blair hukutwa mara chache kwa mwaka. Katika NBA hukutwa karibu kila usiku.

Tofauti ya mchezo wa chuo na wa NBA

Ili kuelewa swali la utayari, inafaa kujua kanuni zilivyotofautiana mwaka 2009.

Muda: mchezo wa chuo huchukua dakika 40, wa NBA dakika 48. Timu ya chuo hucheza michezo thelathini na kitu kwa msimu. Ya NBA hucheza 82 kabla ya hatua ya mtoano.

Muda wa kutupa: wakati huo timu ya chuo ilikuwa na sekunde 35 za kushambulia, ya NBA ina sekunde 24. Senta wa NBA hukimbia huku na huko mara nyingi zaidi.

Upana wa eneo la chini ya kikapu: chuoni ni mita 3.66, katika NBA ni mita 4.88. Mshambuliaji anayesimama nje ya mstari huanza mbali zaidi na pete, hivyo huhitaji miondoko na siyo urefu tu.

Sekunde tatu za ulinzi: tangu mwaka 2001 NBA inamkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo hilo kwa zaidi ya sekunde tatu bila kumlinda mtu kwa karibu. Ligi ya vyuo haina kanuni hiyo.

Mstari wa pointi tatu: chuoni ulikuwa umbali wa mita 6.32, katika NBA hufika mita 7.24. Uwanja hutanuka, na senta hulazimika kutoka nje kuwafuata watupaji.

Kanuni ya sekunde tatu ndiyo iliyomgusa zaidi. Chuoni aliweza kusimama mbele ya pete na kuwasubiri wanaokuja. Katika NBA alitakiwa kutoka, kurudi, kugeuka na kutoka tena, na kazi hiyo huhitaji wepesi wa miguu ambao ndio uliokuwa upungufu wake.

Drafti ya 2009 na miaka ya NBA

Tarehe 25 Juni 2009 Los Angeles Clippers walimchagua Blake Griffin kuwa wa kwanza. Memphis Grizzlies wakamchagua Thabeet wa pili. Nyuma yake walikuwamo James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Blair, aliyemshinda kule Hartford, alisubiri hadi nafasi ya 37.

Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ya senta, na mwaka huohuo wakamleta Zach Randolph. Thabeet akawa mchezaji wa akiba. Katika msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68 kwa takriban dakika 13 kila mmoja, akipata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3. Ukigawa kwa dakika, alizuia mtupo mmoja kwa kila dakika 10. Chuoni, alikocheza takriban dakika 32, alizuia mmoja kwa kila dakika 7 au 8. Ustadi wake mkuu ulipungua, ila haukupotea. Shida ilikuwa kubaki uwanjani: faulo zilikuja haraka, na upande wa ushambuliaji wapinzani hawakuhitaji kumchunga.

Mwezi Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo ya NBA, ili apate dakika za kucheza. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake aliyewahi kupelekwa huko. Februari 2011 alihamishiwa Houston Rockets katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier Memphis. Mwaka 2012 alipita Portland Trail Blazers, kisha akajiunga na Oklahoma City Thunder, alikocheza michezo 66 katika msimu wa 2012–13 na michezo 23 katika msimu uliofuata. Hiyo ilikuwa misimu yake ya mwisho NBA. Baadaye alicheza katika ligi ya maendeleo, na pia Japani na Taiwan.

Tathmini

Maelezo ya kawaida ni kwamba Thabeet alianza kucheza akiwa na umri mkubwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza mpira wa kikapu akiwa kijana, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984 na kuwa mmoja wa masenta wakubwa wa historia. Ila kabla ya hapo Olajuwon alikuwa amecheza mpira wa mikono na kudaka mpira wa miguu, michezo inayofundisha miguu kugeuka na mikono kudaka kwa haraka.

Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, anafanana naye zaidi: mrefu, mzuiaji wa mitupo, mwenye njia chache za kufunga. Mutombo aliingia NBA mwaka 1991 akitokea Chuo Kikuu cha Georgetown, na alitwaa tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara nne. Lakini aliingia akiwa na miaka 25, mwili umekomaa, na Denver Nuggets walimpa nafasi ya kuanza tangu msimu wa kwanza. Thabeet aliingia akiwa na miaka 22 na kukuta nafasi yake ina mtu.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kutenganishwa. La kwanza ni kipaji, na kipaji kilikuwapo. La pili ni ufundi na nguvu, ambavyo miaka saba tangu alipoanza mchezo haikutosha kuvikamilisha. La tatu ni mazingira: timu inayomchagua mchezaji wa pili hutarajia matunda mapema, wakati senta anayejifunza huhitaji dakika nyingi za kukosea. Nafasi ya pili katika drafti ilimpa heshima, na pia ilimpa kipimo kigumu. Wachezaji wengi waliochaguliwa nyuma sana wamepata takwimu kama zake bila jina lao kutajwa kabisa.

Umuhimu nchini Tanzania

Kabla ya Thabeet, NBA kwa vijana wa Tanzania ilikuwa ligi ya kutazamwa kwenye televisheni. Safari yake kutoka Makongo hadi nafasi ya pili ya drafti, kwa muda wa takriban miaka saba, ilionyesha kwamba njia ipo na kwamba masomo ni sehemu ya njia hiyo, kwa kuwa alipitia sekondari na chuo kikuu. Kwa walimu na makocha, maisha yake yanaonyesha pia umuhimu wa kuanza mapema: mtoto mrefu anayefundishwa kupokea mpira, kugeuka na kutupa akiwa na miaka 9 au 10 hufika chuoni akiwa na muda wa kujifunza mengine.